Mama Mkwe Hashikwi

Munyoki alikuwa hodari wa kuzama, na hilo hakuna aliyelibisha. Shida yake ilianza pale alipoibuka.

Chini ya maji, kwenye kina ambacho mwanga wa mchana hugeuka samawati na sauti zote hufa, hapakuwa na mtu mtulivu kumshinda katika kituo kile cha mbizi pale Diani. Mwalimu wake, Judy, mwanamke wa Nairobi aliyekuja pwani kwa likizo akasahau kurudi, alimfungia hewa ya mtungi mmoja bila kumwonya. Akamvua miwani. Akamzungushia kamba miguuni. Munyoki akayatatua hayo yote taratibu, kama mtu anayechambua mchicha kibarazani. Wenzake walishangaa, maana alizaliwa upande wa Samburu ya Kwale, kule kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako maji huletwa kwa punda, na mpaka anaota ndevu alikuwa hajaona maji yanayompita magoti.

Lakini mafunzo yale hayakuwa ya kuzama tu. Anayewaongoza wenzake kwenye kina kirefu lazima ajue kuwaokoa, na Judy hakuamini uokoaji wa kuigiza kivivu. Alitaka makelele, fujo na watu wanaovutana. Alisema siku ya ajali yenyewe hakuna atakayekaa kimya akungoje upange mawazo. Na hapo ndipo Munyoki aliposhindwa, kwa sababu mama yake alimlea kwa adabu nyingi kupita kiasi.

Katika mtihani wa kwanza, mwenzake Hesbon alielea juu ya maji akijifanya amezimia. Munyoki alimwendea kwa kasi nzuri, akafika, akasema, "Samahani kaka, naomba nikushike bega."

"Munyoki!" Judy alipiga kelele kutoka botini. "Mtu amezimia! Ukimwomba ruhusa atakujibu na nini?"

"Nilidhani labda anasikia, mwalimu."

"Nilikuwa nasikia," Hesbon akasema huku macho ameyafumba. "Nikamruhusu kimoyomoyo."

Katika mtihani wa pili, Judy alimweka botini mzee mmoja wa kukodishwa, acheze abiria aliyechanganyikiwa, aizibe ngazi na kulia. Munyoki alitakiwa amwamuru akae chini. Badala yake alimwamkia shikamoo. Mzee, aliyeambiwa asimjibu mtu, hakujibu. Munyoki akaamkia tena, mgonjwa wake akiwa kwapani anakunywa maji ya chumvi. Mwisho alipoona machozi kwenye mashavu ya mzee yule, alinyanyua mkono akatamka maneno waliyokubaliana yatumike pale tu penye hatari ya kweli: "Zoezi basi!"

"Hatari iko wapi?" Judy aliuliza.

"Mzee analia, mwalimu."

"Analia kwa sababu nimemwambia alie!"

Sasa ulikuwa umebaki mtihani wa tatu, nao ndio wa mwisho. Kituo kilikuwa kinatafuta kiongozi mmoja wa safari za kina kirefu. Judy alimwambia Munyoki waziwazi kwamba akianguka tena, nafasi itakwenda kwa kijana wa Watamu, na yeye atabaki kujaza mitungi na kubeba mizigo ya watalii mpaka azeeke. Mke wake, Kanini, alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba mumewe ni kiongozi.

Kwa hiyo Judy aliazimia kuivunja ile adabu mara moja. Alihitaji sauti. Na sauti aliipata Ukunda, sokoni, asubuhi ambayo bodaboda ilipanda juu ya nyanya za mama mmoja aliyekuwa amezipanga chini. Mama yule hakumpiga mwendeshaji. Alizililia nyanya. Alizililia moja moja, akitaja mahali zilipolimwa na mvua iliyozinyeshea, mpaka abiria wa bodaboda akashuka akaomba radhi, na watu wawili wasiohusika wakaanza kufuta machozi. Judy alisimama pale na mfuko wake wa vitunguu akajua ameshampata mtu wake.

Jina la mama yule lilikuwa Kavenya. Alikuwa mjane, mkulima wa Shimba Hills katika mashamba waliyogawiwa Wakamba zamani, mwimbaji wa kanisa, na kila Pasaka ndiye aliyeigiza kilio kaburini. Judy alimweleza kazi: atakaa botini, atacheza mke wa mtu aliyezama, atalia, ataziba njia, na hatatii mpaka aamrishwe kwa sauti ya kiume.

"Kulia nitalia," Kavenya alisema. "Huyo mwenye sauti ya kiume mtafuteni nyinyi."

Jambo ambalo Judy hakulijua, wala hakuwa na njia ya kulijua, ni kwamba Kavenya ndiye aliyemzaa Kanini. Alikuwa mama mkwe wa Munyoki. Naye Kavenya hakutajiwa jina la kituo wala la huyo anayepimwa.

Na hapa lazima msomaji aelewe jinsi mambo yalivyo. Kwa watu walioshika desturi za Ukambani, mama mkwe hashikwi. Hapewi mkono, hatazamwi usoni, na mkwe hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini akakagua majani mpaka mwenzake apite. Munyoki aliposhuka Ukunda alizunguka nyuma ya msikiti ili asipite mbele ya nyanya zile. Alipokwenda Shimba Hills kusalimia, Kavenya alizungumza naye akiwa jikoni, yeye akiwa nje, na ukuta ukiwa katikati kama mkalimani. Tangu siku ya harusi Munyoki alimjua zaidi kwa mgongo. Mgongo ule angeutambua katikati ya umati wa watu.

Siku ya mtihani bahari ilikuwa shwari. Munyoki na Hesbon walizama nje ya mwamba, mitungi miwili mgongoni na mwingine ubavuni. Huko chini Hesbon alijifanya kupungukiwa na akili, akaitupa miwani yake, akang'ang'ana, akalegea. Munyoki alimdhibiti, akampandisha polepole, akisimama naye kila mahali panapopasa kusimama ili gesi itoke damuni bila kuwadhuru. Yote aliyafanya vizuri. Wakati huohuo, juu, boti ndogo ilimleta Kavenya na kumpandisha kwenye boti kubwa ya Nahodha Chome, Mdigo wa Msambweni aliyekuwa na mvi za kutosha na maneno ya kuzidi.

Chome alimvalisha Kavenya boya. Kavenya akazilegeza kamba zake.

"Mama, hilo boya hufungwa," Chome akamwambia.

"Limenibana kifua, baba. Nitaliaje bila pumzi?"

Munyoki aliibuka na Hesbon mikononi. Alikuwa anamvuta vizuri, kichwa kimeinuliwa, koo limenyooshwa. Judy, akichungulia, alianza kutabasamu. Ndipo kilio kilipopaa.

"Uuuwi! Mume wangu! Nani amemzamisha mume wangu jamani! Ondoka kwangu bahari, ondoka!"

"Mama, huyu ni mumeo au mjukuu wako?" Chome alimnong'oneza, akimtazama Hesbon, ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajadiliana kama ziote.

"Usinivuruge," Kavenya akamjibu chinichini, kisha akaendelea kwa juu, "Uuuwi!" akageuka na kukipigia kilio kile upande wa nchi kavu, mikono kichwani.

Munyoki aliuona mgongo.

Mkono wake ukaganda kwenye ukanda wa Hesbon. Alijaribu kujiambia kwamba migongo hufanana. Akajaribu kurudi chini ya maji, lakini boya la Hesbon lilikuwa limejaa hewa, na mwili wake haukukubali kuzama.

"Munyoki!" Judy akafoka. "Unangoja nini? Mwamrishe abiria akae!"

Kilio kikakatika katikati, kama redio iliyochomolewa waya.

"Munyoki?" Kavenya alisema. Akageuka. Akamwona mwanamume kwenye maji, katika suti ya mpira iliyombana kama ganda la ndizi, miwani puani. Na chini ya ile miwani ulikuwa mdomo wa mume wa binti yake. Hakungoja kuona zaidi. Alijifunika kanga kichwani mpaka kidevuni, akageuka kwa haraka ya heshima, akapiga hatua mbili upande wa pili wa boti. Ya pili ilikosa boti.

Boya lake, lililokuwa limelegezwa kwa ajili ya pumzi, lilimvuka kichwani alipoangukia majini, likaelea peke yake pembeni, kavu juu, kama lililofika salama.

Judy alipiga makofi. "Wuuu! Hiyo hata sikumwambia! Manze, huyu mama ni moto!"

Chome naye hakusogea. Alikuwa ameambiwa tangu asubuhi asiingilie chochote atakachokiona, na alipokumbuka mzee wa mara ya pili, akajua wanawake huigiza vizuri zaidi. Hesbon alikuwa amekufa kwa mujibu wa maagizo, macho amefumba.

Ni Munyoki peke yake aliyejua. Mama yule angeweza kuigiza mambo mengi. Angeweza kuzimia, kurarua nguo, hata kumwita Hesbon mume. Lakini kujitosa majini kwa mchezo, gauni likipanda na kanga ikichukuliwa na mkondo, mbele ya mume wa binti yake? Hata mngempa ekari nyingine tano za Shimba Hills, asingekubali. Ile ilikuwa ajali.

"Zoezi basi!" Munyoki alipiga kelele.

"Hapana!" Judy akajibu. "Ujanja ule wa mara ya pili hauponyi leo. Endelea!"

Munyoki hakubishana. Alimpachika Hesbon kwenye kamba ya boti, akautupa ule mtungi wa ubavuni, akaizunguka boti kwa nguvu zote za miguu yake.

Kavenya alikuwa anapambana na bahari kama anayefukuza kuku. Alizama, akatoka, akazama. Munyoki alimfikia, akanyoosha mkono, na mkono ukasimama shubiri moja kutoka begani kwake. Haukutaka kwenda. Vizazi vyote vya Wakamba wa Samburu vilikuwa vimeushika kiwiko.

"Usi—" Kavenya alisema, akameza maji. "Usinishike!"

"Mama, samahani, naomba..."

Kichwa chake kikazama tena. Safari hii hakikurudi upesi.

Ndipo kitu kilipokatika ndani ya Munyoki. Alimshika mama mkwe wake kwapani, akamwinua kichwa juu ya maji, na alipoona bado anarusha ngumi, alimfokea kwa Kikamba, kwa maneno ambayo huenda hakuna mkwe aliyewahi kuyapanga hivyo tangu Wakamba waanze kuoana: "Nyamaza! Acha kupiga maji! Lala chali! Tazama juu! Juu, nimesema!"

Kavenya alinyamaza. Alilala chali. Alitazama juu. Inawezekana ilikuwa utii, inawezekana ilikuwa mshangao.

Judy alikuwa ameshasikia kikohozi ambacho hakiigizwi. Alijitupa kwenye ngazi, Chome naye akainama na mikono yake mirefu, wakamvuta mama. Palipohitajika mtu wa kusukuma kutoka chini, Munyoki alisukuma, akiwa amefumba macho na ameelekeza uso wake Tanzania.

Kavenya alifungwa mataulo matatu, akaketishwa tezi, nyuma ya boti. Munyoki alikaa omo, mbele kabisa. Kila mmoja alitazama upande wake wa bahari. Boti nzima ilikuwa katikati yao, na bado waliona kama imekuwa fupi.

"Jamani," sauti ikatoka majini. "Mimi bado nimekufa?"

Wakamkumbuka Hesbon. Wakampandisha, akaketi katikati ya boti, na hilo likawa kosa lake, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa.

"Hesbon mwanangu," Kavenya akasema, akiitazama bahari. "Mwambie mtu huyo aliye nyuma yako kwamba nimeshukuru."

Hesbon akageuka. "Munyoki, umeshukuriwa."

"Mwambie mama si kitu," Munyoki akajibu, kichwa chini. "Na mwambie naomba radhi kwa yale maneno."

"Mama, anaomba radhi."

"Mwambie kwamba marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, tuliishi naye mpaka mvi, na siku moja hakuwahi kuniambia ninyamaze."

"Hakujaribu?" Chome akauliza.

"Wewe nahodha hujatumwa."

Judy alipiga magoti mbele ya Kavenya akamwomba msamaha, na hakuuficha. Alisema alisikia neno la kusimamisha zoezi akalipuuza, na kosa hilo ni lake, si la mtu mwingine. Kavenya alimpapasa kichwa akamwambia ainuke, atalowana. Kisha Judy akamgeukia Munyoki, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza dawa chungu.

"Umemwokoa mtu wa kweli," alisema. "Ningekuwa na medali ningekupa. Lakini mtihani ni mtihani. Mgonjwa wako ulimwacha majini, hukumpandisha, hukumpa oksijeni, hukumwamrisha mtu botini. Siwezi kusema nimeyaona."

"La haula!" Chome akasema. "Mwalimu, mtu ameokoa roho, unamwangusha?"

"Nimwambie nini huyo atakayeniuliza?"

Munyoki hakulalamika. Alikuwa ameshaanza kufungua mikanda yake, kama mtu anayejua njia ya kwenda kwenye chumba cha kujazia mitungi. Jambo lile lilimkera Kavenya kuliko maji aliyoyameza. Alimgeukia Judy.

"Mwanangu, uliniita nije kulia. Nimelia kiasi gani?"

"Mama, usijali kuhusu..."

"Nimelia nusu. Mimi sijawahi kuacha kilio katikati, hata kwenye msiba wa watu nisiowajua. Turudie."

"Hesbon," Munyoki akasema upesi, "mwambie mama hapana. Ameteseka vya kutosha."

"Mama, anasema..."

"Nimemsikia. Mwambie asiporudia, basi amenishika bure."

Neno hilo lilikaa botini kama mzigo. Hesbon hakuhitaji kulifikisha.

Judy alifikiri. Kazi ya chini ilikuwa imefanyika vizuri, na kuzama tena siku ile asingeruhusu. Sehemu ya juu tu ingerudiwa, papo hapo kando ya boti. Alimkalisha Munyoki kwanza, akamnywesha maji, akampumzisha na oksijeni mpaka aliporidhika naye. Akatangaza kwamba safari hii neno la kusimamisha likitamkwa, hata na samaki, kila kitu kitasimama. Chome alimfunga Kavenya boya kwa mafundo ya kufungia ng'ombe. Hakuna aliyezungumza tena habari za pumzi.

Munyoki alitokea na Hesbon mikononi. Kavenya alisimama juu ya ngazi, akawapa mgongo, akavuta hewa. Kilio alichokitoa kilifanya boti ya watalii iliyokuwa ikipita mbali ipunguze mwendo.

"Uuuwi Hesbon! Hesbon baba watoto! Umeniachia nani mihogo!"

"Mama," Munyoki akaanza, taratibu.

Judy akafumba macho.

"Mama!" Munyoki akarudia, na safari hii sauti ilitoka mahali pengine. "Ondoka ngazini! Kaa chini, shika benchi!"

Kavenya hakuondoka. Alikuwa msanii, hakuwa mtu wa kugawa nafasi yake bure. "Siondoki! Nizikwe naye! Nileteeni jembe!"

"Mama, nahesabu moja tu! Ukibaki hapo huyu mume wako atakufa, na nitamwambia Kanini ni wewe uliyemuua!"

Kavenya alikaa. Alikaa kwa kishindo mpaka boti ikainama.

"Chome, oksijeni! Judy, piga simu hospitali! Nivutieni mtu huyu, shikeni begani, siyo nywele!"

Chome alitazama nyuma yake kuona ni nani huyo Chome anayeitwa hivyo, bila mzee, bila shikamoo. Kisha akakimbia kuleta oksijeni. Hesbon alipandishwa, akalazwa, akafunguliwa kifua, akapuliziwa hewa, na alipojaribu kuzungumza aliambiwa anyamaze yeye pia.

Judy alisimama juu yao, mikono kiunoni, akawaacha wamalize mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umefaulu." Akarudia, kwa kuwa Munyoki alikuwa bado anamwamrisha Chome na hakusikia.

Walirudi Diani polepole. Kavenya alikuwa amepewa shuka kavu, na kilio kilikuwa kimemwacha mchangamfu. Ila kulikuwa na jambo moja la kumaliza, na alilimaliza kwa njia ya kawaida.

"Hesbon mwanangu. Wewe si wa kwetu, kwa hiyo sikiliza vizuri ufikishe sawasawa. Mkwe akimshika mama mkwe wake, huleta mbuzi, aibu ikaliwa ikaisha. Sasa mwambie kiongozi huyo aje nyumbani Jumamosi na mbuzi wawili. Mmoja wa kunishika. Wa pili wa kunifokea, mara mbili, na mara moja mbele ya nahodha."

"Munyoki," Hesbon akaanza, "mama anasema..."

"Mmoja, mama," Munyoki akasema.

Alisema mwenyewe, moja kwa moja, kupita juu ya kichwa cha Hesbon, bila samahani na bila naomba. Chome aliachia usukani kidogo akageuka.

"Wa kukushika wewe nitamleta," Munyoki aliendelea, "na nitamleta kwa heshima zote. Lakini kufoka ilikuwa kazi."

Mgongo wa mama mkwe ulikaa wima, ukafikiri. Injini ikavuma. Judy akawa ameshika ukingo wa boti, hajui kama desturi imevunjika ama imetengenezwa.

"Hesbon," Kavenya akasema hatimaye, "mwambie basi mbuzi huyo awe mnono."